Kifuniko

Oili haifi, aliniambia Rosalba Huenul
siku ya kwanza niliyoshika spana gerejini kwake.
Huchafuka tu, kama shati.
Kisha akanisukumia beseni chini ya lori la Aguilante,
akasema, subiri ipoe kidogo.
Sikusubiri.
Kovu lipo hapa, juu ya kifundo, mfano wa haragwe.

Quellón ni mwisho wa barabara,
kisiwani Chiloé, ambako mvua haina msimu:
ina mapumziko, nayo mafupi.
Nyuma ya gereji kuna mtaro.
Mtaro huingia kijitoni, kijito ghubani,
na ghubani zinaning'inia kamba za kome za Nolfa,
dada yake Rosalba, anayechukua breki kwa mkopo
na kutulipa kome kwa ndoo.
Sasa nani amwage nini, na wapi?

Baba yao alimwaga.
Mzee Eleuterio alipaka oili chafu nguzo za uzio zisioze,
akanyunyizia njia ili vumbi litulie
zile siku mbili kwa mwaka ambazo vumbi lipo.
Iliyobaki aliichimbia shimo nyuma ya banda la viazi.
Nguzo zilioza vilevile.
Shimo lilifukiwa miaka ishirini na saba iliyopita,
na nyasi bado zinapazunguka, hazipakanyagi.
Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeusi
zisizotoka kwa sabuni wala kwa Jumapili.
Daktari wa Castro alimchoma kidonda kimoja, kisha kingine,
akamuuliza, hukuvaa glavu?
Mzee akacheka: glavu ni zako wewe.

Kwa hiyo sisi tuna pipa.
La chuma, chini ya paa la bati, ndani ya karo la zege,
ili likivuja livujie kwetu.
Ubavuni Rosalba ameandika kwa rangi nyeupe,
kwa mwandiko wa aliyeacha shule mapema:
OILI CHAFU. HIYO TU.
Hilo "hiyo tu" ndiyo sheria nzima.
Si petroli, si maji ya rejeta, si dawa ya breki,
si kahawa yako iliyopoa.
Filta tunazitoboa, tunazipindua zidondoke usiku kucha.
Matambara yana debe lake, mbali na jiko la kuni.
Maranda yako mlangoni, kwa siku ya mkono kuteleza.

Agosti mwaka jana nilimimina beseni la mwisho gizani.
Simu ikalia. Mama.
Nikaweka kifuniko juu ya kiti,
nikasema, narudi.

Usiku upepo wa kaskazini uling'oa bati moja.
Moja tu.

Alhamisi lori la wasafishaji likafika, limevuka kwa pantoni kutoka bara.
Ulises, dereva, si mtu wa maneno.
Alipaka dawa ncha ya fimbo yake,
akaizamisha hadi chini, akahesabu midomo ikicheza,
akaitoa:
nyekundu, kiganja kizima na nusu.
Maji, akasema. Hii siinunui.
Hii mtanilipa ninyi niiondoe.

Rosalba hakunitazama.
Aliingia ofisini, akahesabu noti zilizokuwa za jeki mpya.
Jioni alinitia kifuniko mkononi.
Kishike.
Nikakishika mpaka alipofunga daftari la hesabu,
na hesabu za siku ile hazikuwa fupi.

Mwezi wa nne Ulises alituletea makopo kutoka kiwandani,
oili iliyochemshwa, ikachujwa, ikarudi.
Nilifungua moja juu ya injini ya boti ya Nolfa.
Rangi ya chai nyepesi. Haikuwa na harufu ya kosa la mtu.
Nolfa akachungulia: hii imetoka wapi?

Nikamwonyesha kovu.
Hakuelewa, nami sikueleza;
mkono wa pili ulikuwa unakaza kifuniko.